Mimi ndiye yule mzee wa "mwanga wa Kibimba". Wakuu, sikuona mwanga wowote

Wakuu, nawasalimu. Wenzangu wa umri wangu, habari za mvua. Vijana, marahaba, najua mlikuwa mnataka kuniamkia.

Nitakayoandika hapa ni kweli tupu. Uongo wangu mkubwa niliumaliza zamani, na ndio huo nitakaowasimulia.

Niseme mapema, mimi si msomi. Niliishia darasa la tatu, Kibimba, wilaya ya Ngara. Naandika kwa kidole kimoja. Atakayeona nimekosea herufi aende akafundishe shule, walimu hawatoshi.

Nilianza na baiskeli moja ya kubebea chumvi kutoka Kabanga mpakani. Leo nina mashine za kusaga na malori, na wenye digrii wananisubiri nje nimalize chai yangu kwanza. Sijivuni.

Haya, najivuna kidogo.

Kilichonileta ni hiki. Jukwaa hili la dini nalisoma kimya kimya muda mrefu. Naona vijana wanaandika, "Nimeokoka miaka miwili, mbona bado nina hasira zile zile?" Mwingine, "Wenzangu wanasikia sauti, mimi sisikii kitu, je nimekataliwa?"

Halafu wanajibiwa na watu wenye shuhuda ndefu kama barabara ya kwenda Biharamulo. Kila mmoja na malaika wake.

Shuhuda za namna hiyo nazijua. Kuna mtu karibu nimharibu kwa ushuhuda wa namna hiyo.

Twende taratibu.

Serikali ilikuwa imetuhamisha kutoka kwenye migomba yetu, tukapangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari kama wanafunzi paredi. Kijiji cha ujamaa. Sisemi kilikuwa kizuri au kibaya. Wengine walipata shule na zahanati. Mimi nilipata nyumba ya miti ambayo haijakandikwa, na mche mmoja wa mgomba niliouchukua kwa baba, nikaupanda nyuma ya jiko.

Kila baada ya siku mbili tatu nilikuwa naufukua kidogo kuangalia kama umeshika mizizi.

Ukafa.

Baba akaniuliza, "Wewe ulitaka mgomba au ulitaka kuchungulia?"

Nikacheka tu. Nilikuwa kijana, nina haraka na kila kitu.

Jirani yangu mkono wa kushoto aliitwa Minani. Tulikuwa rika moja. Mtu wa maneno machache, mikono kama makoleo. Kwao walikuwa bado wanashika mambo ya mababu, yeye ndiye wa kwanza nyumbani kwao kujiandikisha darasa la ubatizo. Shamba la kijiji tulilima bega kwa bega, mstari wake na mstari wangu.

Mke wangu aliitwa Yudita. Amepumzika sasa, Mungu amlaze pema. Alikuwa binti wa Mzee Nyandwi, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, maana Mzee Nyandwi alikuwa kiongozi wa walokole wa pale kijijini.

Kwa wasiojua: walokole walikuwa kundi la wokovu ndani ya kanisa letu. Watu waliotubu, wakaacha pombe na wizi, na wakaambiana dhambi zao wazi wazi. Msinielewe vibaya, walikuwa watu safi. Ndio pekee mwenyekiti aliweza kuwaachia ufunguo wa ghala la kijiji akaenda zake bila wasiwasi.

Walikuwa na desturi yao. Kila Jumamosi alasiri tunakutana kanisani, jengo la udongo na nyasi, na mtu anasimama kueleza siku yake. Siku aliyookoka. Kila mlokole alikuwa na siku.

Mzee Nyandwi alikuwa anakamua ndizi za pombe kwenye mtumbwi wa mti, mikono yake ikaganda mle ndani, haikutoka mpaka alipolia na kutubu. Yudita alikuwa anateka maji, akasikia jina lake linaitwa mara tatu na hakukuwa na mtu. Mama mmoja jirani alianguka shambani akaamka anaimba.

Mimi sikuwa na siku.

Nilibatizwa mtoto, nilikuwa naenda kanisani, naomba, lakini hakuna kilichowahi kunitokea. Kila Jumamosi baada ya ibada mtu ananishika mkono na kuniuliza kwa upole kabisa:

"Ndugu, bado?"

"Bado."

"Tutazidi kukuombea."

Ule upole ndio uliokuwa unaniua. Wangenitukana ningejua la kufanya.

Nilijaribu, wakuu. Nilifunga mpaka magoti yakatetemeka. Nilipanda kilima kilichoko juu ya kijiji chetu alfajiri, nikapiga magoti kwenye umande, nikarudi na mafua.

Nikajaribu na kurudisha. Mlokole akitubu alikuwa anarudisha alichoiba, hata kama ni sindano. Basi mimi nilikuwa nimeiba jembe jipya ghalani kabla sijaoa. Nikasema labda hilo ndilo linalonizibia. Nikalibeba mchana kweupe mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti hakuwa mlokole.

"Uliliiba lini?"

"Wakati wa palizi."

"Asante sana kwa kukiri. Sasa utalima shamba la kijiji wiki mbili peke yako. Na utatumia jembe hilo hilo."

Nikalima. Minani alikuwa akipita anacheka mpaka anashika mti. Siku ya mwisho nikasimama katikati ya shamba nikajisikiliza ndani. Labda sasa.

Niliusikia mgongo tu.

Yudita akapata mimba. Hapo presha ikapanda. Baba mkwe akaja nyumbani, akakaa, akanywa maji, akasema, "Mkwe wangu, mtoto huyu angezaliwa kwenye nyumba ya watu wawili waliookoka ingekuwa furaha kubwa. Sikulazimishi. Jumamosi tutafurahi kukusikia."

Hakunilazimisha. Lakini kuanzia siku ile chakula hakikushuka. Nilimwangalia mke wangu na tumbo lake nikawaza, huyu mtoto atazaliwa kwa mtu aliyekataliwa. Maana nilishaamua hivyo: Mungu amewapitia wote kwenye mstari, akafika kwangu akaruka nyumba.

Jumamosi ikafika.

Sikupanga, naapa. Nilisimama niseme "niombeeni". Mdomo ukasema kingine.

Nikasema nilikuwa narudi kutoka Kabanga alfajiri na baiskeli yangu. Nilipofika juu ya kilima, mbele yangu njiani, karibu na jiwe, ukasimama mwanga. Mweupe. Kama karabai iliyopampiwa vizuri, lakini hakuna aliyeishika. Nikaanguka. Moyo wangu ukawa mwepesi.

Kabla sijamaliza walikuwa wameshasimama wanaimba. Wakanikumbatia, wakaninyanyua juu. Mzee Nyandwi alilia kama mtoto. Yudita alinishika mkono mbele za watu, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Na mimi niwaambie ukweli wote, nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Nikasema labda ndivyo kuokoka kulivyo.

Ilikaa siku mbili hiyo furaha. Siku ya tatu nikaamka nikakumbuka kuwa sikuona kitu.

Wakaanza kunialika vijiji vingine. Nikisimulia, mwanga unakua. Kijiji cha pili haukuwa karabai tena, ulikuwa taa za lori. Kijiji cha tatu ukaanza kuongea. Nikawa sikumbuki nilisema nini wapi. Nikimwona mtu anakuja na kitabu cha nyimbo mkononi, nasema huyu amegundua.

Sasa niwaeleze kuhusu jicho langu. La kulia liliumizwa na kijiti nikichunga mbuzi utotoni, linaona ukungu mtupu mpaka leo. Hilo mliweke akilini.

Minani alikuwa kanisani Jumamosi ile. Hakuimba, hakuruka. Alikaa ananiangalia.

Kesho yake nilipotoka nje alfajiri nikamwona anashuka kutoka kilimani, suruali imelowa magotini.

"Ulikuwa wapi?"

"Pale ulipouonea."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Akaenda na siku iliyofuata. Na iliyofuata tena. Msimu wa mvua ukaisha, kiangazi kikaingia, Minani anapanda kilima kila alfajiri ya Mungu kabla ya kwenda shamba. Akakonda. Mikono ile mikubwa ikawa imening'inia tu.

Siku ya ubatizo ikafika, darasa lake lote likavaa nguo nyeupe. Yeye akamwambia mwalimu wa dini jina lake litolewe.

Nikamfuata. "Minani, kwa nini?"

"Wewe uliita ukajibiwa. Mimi naita hakuna kitu. Nikibatizwa hivi nitakuwa nimemdanganya Mungu."

Wakuu, mtu ambaye hakudanganya alikuwa anaogopa kudanganya, na mwongo mwenyewe amekaa kiti cha mbele.

Ningemwambia pale pale. Nilikuwa na nafasi kama mia moja. Shambani, kisimani, foleni ya sabuni duka la kijiji. Kila nikifungua mdomo namwona baba mkwe, namwona Yudita amebeba mtoto mgongoni, binti yetu Ester alishazaliwa. Nikawa nasema, wiki ijayo.

Halafu vita ikaja.

Tulisikia kwenye redio ya mwenyekiti. Tumekusanyika nje ya nyumba yake, hakuna anayekohoa. Adui ameingia kaskazini kwenye mkoa wetu huu huu. Baada ya muda likaja tangazo la mgambo, vijana wapimwe, watakaofaa wataondoka kujiunga na jeshi.

Nilijipanga na wenzangu. Afande akanifunika jicho la kushoto kwa kiganja chake, akanyoosha mkono mbele yangu.

"Vidole vingapi?"

"Vitatu."

"Hii ni ngumi."

Watu wakacheka. Afande akasema, "Huyu hata ng'ombe akisimama mbele yake hamwoni. Abaki alime."

Na Minani, aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari, akasema taratibu, bila utani wowote, "Lakini aliuona mwanga, afande."

Nilitamani ardhi inimeze. Minani akapita. Alikuwa na macho mazuri sana.

Lori la kuwachukua lilipangwa kuja Jumatatu asubuhi. Jumamosi kanisa likawaombea wanaoondoka, mmoja mmoja anapiga magoti mbele. Minani alibaki kwenye benchi. Mzee Nyandwi akamwita, Minani akatikisa kichwa.

Tulipotoka nje Minani akanivuta pembeni. "Jumatatu kabla ya lori, twende wote kilimani. Unionyeshe mahali penyewe hasa. Labda nimekuwa nikipakosea."

Jumapili ile sikula kitu. Yudita akadhani namhurumia rafiki yangu. Akaniandalia uji, ukapoa, akaumwaga.

Jumatatu tukapanda. Ukungu mzito, nyasi zimelowa. Minani amevaa shati lake zuri, amebeba kifurushi cha safari. Alikuwa anahema kama mtu anayekwenda kuhukumiwa.

"Ulisimama wapi?"

Nikaangalia huku na huku. Sikujua niseme wapi. Nikaonyesha pale njia inapopinda.

"Si ulisema karibu na jiwe?"

"Ndiyo, karibu na jiwe. Lile."

Akaniangalia. Halafu akapiga magoti, paji la uso limegusa udongo. Akaanza kuomba kwa Kihangaza, sauti ya chini. Sikumsikia yote. Nilichosikia ni, "Hata kidogo. Hata kidogo tu, nisiende hivi."

Nilisimama nyuma yake. Nikaanza kuomba na mimi, kwa mara ya kwanza kwa kweli nadhani. Nikasema, Mungu mpe, mpe huyu, ili mimi nisilazimike kusema.

Mnaona jinsi mtu alivyo? Hata hapo nilikuwa najitafutia mlango wa kutokea.

Chini barabarani honi ya lori ikalia.

Minani hakuinuka. Ikalia mara ya pili. Akanyanyua uso, una udongo, umetulia kwa namna iliyonitisha.

"Hakuna kitu," akasema. "Basi. Mimi si wa kwake. Ni afadhali kujua."

Akachukua kifurushi akashuka, anakimbia.

Nilibaki pale nikihesabu pumzi. Nikasema lori litaondoka, itakuwa imekwisha, hakuna atakayejua. Akifa huko atakuwa amekufa akijua amekataliwa, na aliyemwambia hivyo ni mimi.

Nikakimbia. Nilianguka mara mbili. Nilipofika chini injini inanguruma, wanakijiji wote wamesimama, kina mama wanalia, walokole wanaimba, Mzee Nyandwi amenyoosha mikono kuwabariki. Minani yuko nyuma ya lori katikati ya wenzake.

Nikashika ubao wa lori.

"Minani! Sikuuona!"

"Nini?"

"Mwanga! Sikuuona! Nilidanganya! Hakukuwa na kitu pale!"

Wimbo ukakatika. Sijawahi kusikia kijiji kizima kikinyamaza hivyo. Hata kuku.

Afande akasema, "Huyu mlevi ni wa nani?"

Minani akasogea ukingoni, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Nilidhani atanipiga. Ningefurahi.

"Miezi minane," akasema. "Nimepanda kile kilima miezi minane."

Lori likaondoka. Nililikimbilia kidogo, vumbi halikuwepo kwa sababu ya mvua, kwa hiyo nilimwona vizuri kwa jicho langu zima mpaka kona. Hakugeuka.

Nikageuka mimi, na nyuma yangu walikuwa wamesimama watu wote niliowadanganya.

Mzee Nyandwi hakunipigia kelele. Alisema tu, "Utakaa benchi la nyuma. Hutasema neno kanisani mpaka nitakapokwambia." Kisha akaenda zake polepole, na nikaona amezeeka.

Yudita hakuniongelesha siku nne. Siku ya tano nikasema mwenyewe, kama unataka kurudi kwa baba yako nitabeba mzigo.

Akaweka chini ungo wa maharage.

"Nani alikuomba mwanga?"

"Baba yako. Watu. Wewe ulifurahi."

"Nilifurahi kwa sababu ulikuwa na furaha. Mimi niliolewa na mtu wa jicho moja, mwenye haraka, anayefukua migomba. Nilikuwa nakuona. Ulidhani nilikuwa nasubiri aje mwingine?"

Akaendelea kuchambua maharage. Na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko, pale pale mgomba ulipofia.

Benchi la nyuma, wakuu, sikieni. Pale tulikaa mlevi mmoja, mama aliyeolewa mke wa pili, mzee aliyegombana na nduguye kwa sababu ya mpaka wa shamba, na mimi. Hakuna anayekuuliza "bado?" kwenye benchi la nyuma. Wote ni bado.

Nilikaa hapo zaidi ya mwaka. Kwa kuwa nilikatazwa kusema, ikabidi nikae kimya, na mimi ni mtu wa kelele. Sala yangu ikawa fupi sana. "Mungu, ni mimi. Bado." Basi. Naketi.

Na hofu ilikuwepo, msidhani iliondoka. Kila redio ikiwashwa kwa mwenyekiti naacha jembe nakwenda kusikiliza. Nilikuwa nasubiri jina la Minani. Asubuhi napita nyumbani kwao, mama yake anauliza, "Umesikia chochote?" Nasema hapana. Nikaanza kumlimia shamba lake. Si kwa utakatifu, sikuweza tu kupita bila kushika kitu.

Siku moja mbuzi wa jirani waliingia kwenye maharage yangu wakala nusu ya kitalu. Nikawatoa, nikawarudisha, nikamsalimia mwenye mbuzi, nikarudi nyumbani. Nimeshakaa kula ndipo nikashtuka. Sikutukana. Mwaka mmoja nyuma ningemvunja mtu meno.

Sikujua hilo lilianza lini. Hakukuwa na siku yake.

Vita ikaisha, na bado wakakaa muda mrefu ndipo wakaanza kurudi, kwa mafungu. Nikiwa barabarani na baiskeli yangu lori likasimama, watu watatu wakashuka. Mmoja amekonda, anachechemea mguu wa kushoto. Mikono kama makoleo.

Nilisimama. Sikuweza kumwendea. Yeye akaja, akaweka begi chini.

"Umeuona?" akaniuliza.

"Bado."

"Na mimi bado," akasema. "Nimeona mioto mingi huko. Ule hapana."

Kisha akacheka, kile kicheko chake cha wakati wa jembe, cha kushika mti. Hapakuwa na mti, akanishika bega.

Aliniambia baadaye. Njiani kwenda aliniwazia mabaya mpaka Bukoba. Halafu huko, kwenye mahandaki, akili ikamgeukia. Akasema, "Nilijua nimekataliwa kwa sababu wewe ulipewa. Sasa kama na wewe hukupewa, nani alisema nimekataliwa? Hakuna aliyesema. Nilikuwa nimesema mwenyewe." Akawa anaomba huko akiwa na hofu, bila mwanga. Aliogopa kila siku, na akaomba kila siku.

Akabatizwa miezi michache baadaye, nguo nyeupe, mguu unachechemea. Mzee Nyandwi alikuwepo. Ibada ilipokwisha alipita kwenye benchi la nyuma, akasimama mbele yangu, akasema, "Mkwe, unaweza kuongea sasa."

Nikasema, "Sina la kusema, baba."

Akasema, "Hilo linatosha." Akakaa pale pale karibu na mlevi.

Minani alihamia Biharamulo, Nyamahanga, kutafuta ardhi ya kulima. Akawa mzee wa kanisa huko. Simu za mkononi zilipokuja tukawa tunapigiana, na salamu yetu ni moja miaka yote.

"Umeuona?"

"Bado. Wewe?"

"Bado."

Halafu ndipo tunaulizana hali ya mihogo.

Mara ya mwisho ni mimi niliyepiga. Mtoto wake alimshikia simu sikioni. Nikauliza, "Umeuona?" Nikasikia pumzi tu. Nikaogopa, nikasema huyu sasa atasema ndiyo, ataniacha peke yangu.

"Bado," akasema. "Lakini siogopi sana."

Tulimzika Nyamahanga. Na hapo kaburini, mhubiri kijana, simlaumu, hakujua, akasimama akasema, "Wapendwa, tunaye hapa mzee kutoka Ngara, yule ambaye miaka ya zamani alitokewa na mwanga juu ya kilima cha Kibimba. Atupe neno."

Wakuu! Miaka yote hiyo! Kumbe niliutangaza vijiji vingi na nikaukana kijiji kimoja tu. Ule uongo ulikuwa unatembea bila mimi.

Nikasimama na fimbo yangu. Nikawaambia sikuuona, nilidanganya, na marehemu huyu aliteseka miezi minane kwa ajili yangu. Wengine walikunja uso, msibani si mahali pake. Watoto wa Minani wakacheka huku wanalia. Baba yao alishawasimulia.

Tangu siku hiyo sina amani. Nawaza mimi nikifa, atasimama mhubiri mwingine juu ya kaburi langu aseme habari ya mwanga, na Minani hayupo, Yudita hayupo, hakuna wa kukanusha. Halafu kuna kijana atasikia, aende kupiga magoti kwenye umande.

Ndiyo maana nimejifunza kuandika humu kwa kidole kimoja. Mkisikia popote habari ya mwanga wa Kibimba, semeni mwenyewe ameukana.

Somo langu ni dogo, mimi si mchungaji. Kama huna siku, huna. Usiazime siku ya mtu, na usimwuzie mtu siku ambayo hukuwa nayo. Kaa kwenye benchi ulilopo na jicho lako hilo hilo. Mambo yanashika mizizi ukiwa hufukui. Na hofu haiondoki yote, mimi nimefika umri huu na ninayo.

Mwenye mwanga wake wa kweli, simkatalii, ashukuru na aseme kwa sauti ndogo.

Wewe ambaye hujaona kitu, andika hapo chini neno moja tu. Siku hizi hakuna wa kunipigia simu kuniuliza, kwa hiyo naanza mimi.

Bado.